Gongo la Mboto kuna ajira, Mbagala kuna kazi

Mhariri, salaam.

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: kati ya mtaa wako na mtaa jirani mnaoshindana nao, wapi kazi zinapatikana na wapi panakalika? Nimeona nijibu kwa urefu, kwa sababu nimeishi pande zote mbili za ubishi huu hapa Dar es Salaam. Nilifika Gongo la Mboto mwaka 2010 nikitokea Tabora, nikiwa kidato cha pili. Nikakaa kwa mjomba, baadaye nikapanga chumba changu Ulongoni. Mwishoni mwa 2024 nikahamia Mbagala, upande wa Charambe. Kaka yangu amebaki kule. Tukikutana kwenye shughuli ya familia, ubishi huanza kabla pilau haijapakuliwa.

Kwa mtu wa Masaki, mtaa wa wenye fedha, sisi ni wale wale, watu wa mwisho wa daladala. Hata majonzi yetu yanafanana. Aprili 29, 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala. Februari 16, 2011 likalipuka la kwetu Gongo la Mboto, usiku. Watu wengi walipoteza maisha kote kuwili. Usiku ule nilitoka na kanga moja, nimemshika mkono binamu yangu mdogo, tukaufuata umati kuelekea mjini mpaka Uwanja wa Uhuru. Sijasahau mama mmoja wa Ukonga aliyefungua geti akatupa maji bila kutuuliza sisi ni kina nani. Kwa hiyo nikisema Mbagala hivi au Gongo la Mboto vile, msione nadharau watu. Nasema habari ya riziki.

Kaka yangu ana hoja, na nianze nayo. Ajira, kwa maana ya mshahara, mkataba na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ziko njia ya Gongo la Mboto. Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, imepangwa viwanda tangu Kipawa na Vingunguti hadi Tazara. Katikati uko uwanja wa ndege, na jengo la tatu la abiria lilipofunguliwa 2019 lilihitaji wasafishaji, walinzi, wapakiaji mizigo, wahudumu wa migahawa. Kuna karakana za reli. Kuna machinjio ya Vingunguti na mnada wa mifugo wa Pugu. Treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, Pugu ikapata kituo. Kaka anapakia mizigo uwanja wa ndege. Ana kitambulisho shingoni, ana bima, ana likizo ya siku 28 kama sheria inavyotaka. Akiugua, nyumbani kwake wanakula. Hilo si jambo dogo, na simbishii.

Ila kaka aliingia kazini akiwa na cheti cha ufundi cha VETA na mtu wa kumshika mkono. Mimi niliingia kupitia getini.

Kiwanda chenyewe sitakitaja jina. Tulikuwa tunafika saa kumi na moja na nusu alfajiri, wanawake sabini, themanini hivi, kila mmoja na mfuko wake wa nguo za kazi, tumejipanga ukutani. Saa kumi na mbili msimamizi anatoka na daftari. Haiti majina. Anaonyesha kwa kalamu: wewe, wewe, dada wa kilemba chekundu, wewe. Aliyeonyeshwa anatoa kitambulisho chake kinawekwa kwenye boksi, anaingia. Wakitimia arobaini anafunga daftari: "Dada zangu, leo wametosha, mjaribu kesho." Wengine wanasimama pale hata nusu saa zaidi, labda mashine ya pili itawashwa. Nimesimama hivyo siku nyingi. Nilikuwa naondoka nyumbani mwanangu amelala, na siku nisipopangwa nilirudi nimeshatumia nauli.

Hesabu yenyewe hii hapa. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha viwandani na biashara shilingi 150,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata kama 5,770 kwa siku. Sisi vibarua tulilipwa 6,000, kupitia wakala, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna aliyevunja sheria. Kutoka Ulongoni hadi kituoni nilikuwa nalipa bajaji 500. Daladala, baada ya nauli kupanda Desemba 2023, ilikuwa 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10. Kwenda na kurudi, 2,200. Chakula cha mchana 1,500. Jirani anayeniangalizia mtoto, 1,000. Nilikuwa nashika 1,300, baada ya siku nzima ya kusimama, na nauli ya siku nilizokosa sijaitoa humo. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya iliyopandisha viwango kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026, na nilifurahi kwa ajili ya wenzangu waliobaki. Lakini amri inamlinda aliyeingia ndani ya geti. Aliyebaki nje ya ukuta hana kima cha chini.

Hapo ndipo nilipoanza kutenganisha maneno mawili tunayoyachanganya. Gongo la Mboto kuna ajira. Mbagala kuna kazi.

Mbagala ni mlango wa kusini. Kila kinachotoka Mkuranga, Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara kwa barabara kinapita Rangi Tatu, hapa hapa Mbagala: mihogo, nazi, mananasi, machungwa, korosho, mkaa. Gari likisimama tu, kuna wa kushusha, wa kuhesabu, wa kununua kwa jumla, wa kugawa mafungu, wa kumenya, wa kukaanga. Mzigo mmoja unapita mikono sita kabla haujaliwa, na kila mkono unabaki na kitu. Gongo la Mboto kuna soko pia, ila watu wengi wa kule wanatoka asubuhi na kurudi usiku, mchana mtaa umelala. Rangi Tatu na Zakhem mchana huwezi kupita.

Nilipohama nilikuwa na shilingi 60,000 baada ya kulipa kodi. Mama mmoja wa Kimakonde, jirani yangu, alinitazama siku mbili nikizunguka kuulizia viwanda, siku ya tatu akaniita. "Mwanangu, geti la nini? Mihogo inashuka hapo saa kumi alfajiri, twende ukachague." Tukaenda na tochi ya simu. Alinifundisha kuvunja ncha ya muhogo: ukikatika kwa mlio na ndani mweupe mpaka kwenye uzi, chukua, ukiona michirizi ya bluu, acha, huo umelala. Tulichagua kiroba kimoja. Saa moja asubuhi nilikuwa na karai, jiko la mkaa, chachandu ya ndimu na pilipili kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, barazani kwa mwenye nyumba, na mwanangu amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa anakula kipande cha kwanza. Siku ile, baada ya kutoa mtaji, nilibaki na 4,500. Nauli sikutoa, mtoto sikumwacha kwa mtu. Zipo siku za mvua nabaki na 1,000, na zipo siku narudi na nusu karai tunakula wenyewe. Lakini hakuna anayenionyesha kwa kalamu.

Sasa nisije nikawadanganya dada zangu wakabeba godoro kuja Mbagala. Kazi ya Mbagala haina mgonjwa. Nikiumwa siku tatu, mtaji umeliwa. Na mtaji ukiliwa, mlangoni wanakuja wale wa mikopo ya kausha damu, wanaokukopesha laki moja leo na kutaka marejesho kila siku, na ukichelewa wanabeba karai, jiko, hata televisheni. Kwenye uchochoro wetu wanawake wawili wamehama usiku kwa sababu hiyo. Nasikia uchungu sana kila nikilisema, kwa kuwa dawa ipo. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudishwa 2024. Kikundi chetu cha wanawake tumeshafungua akaunti, tumeandika katiba, tumeomba, bado tunasubiri. Kwa mtaa unaoishi kwa kujiajiri kama huu, mkopo huo ndio kiwanda chetu. Uongozi ukiuchelewesha, umefunga geti.

Kuhusu kukalika, nitaanza na usafiri kwa sababu ndio unaokula watu. Mbagala ilikuwa na sifa mbaya, na ilistahili. Jioni pale Kariakoo watu walipanda daladala kwa kupitia dirishani; mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa anageuza na gari, yaani analipa nauli mara mbili ili apate kiti. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Oktoba 2025 kwenye njia ya Barabara ya Kilwa, kilomita 20.3 za awamu ya pili, nilipanda siku ya tatu yake. Nilifika Kariakoo sijakanyagwa. Nilikaa kwenye kiti cha kituo dakika kadhaa nikijiuliza ni saa ngapi za maisha yangu zimeishia kwenye foleni ya Mtongani. Gongo la Mboto wanajengewa awamu ya tatu, na kwa sasa wanakula vumbi la ujenzi tulilolila sisi. Ila wao wana kitu ambacho Mbagala hatuna: treni. Treni ya mjini, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilianza Oktoba 2012, na baadaye wakazi wa njia ya Pugu nao wakapata reli ya kuwafikisha mjini bila kupita kwenye taa. Nilipokuwa naishi kule iliniokoa mara nyingi.

Maji, Gongo la Mboto wametupita. Nakumbuka miaka ya kununua dumu na kulibeba kupandisha kilima. Mradi wa kupandisha maji ya Ruvu Juu kutoka Kibamba hadi Kisarawe ulizinduliwa 2020, kisha yakateremshwa Pugu na Gongo la Mboto, na siku hizi kwa kaka bomba linatoa. Charambe kwangu tunategemea kisima cha jirani, chenye chumvi. Chai yake ina ladha ambayo wageni wanaulizia. Ya kupikia nanunua. Mvua ndiyo inayowasumbua wao. Mto Msimbazi unateremka huko huko kutoka vilima vya Pugu, na ukifura, Ulongoni mnakatwa, mtoto haendi shule, mgonjwa anavushwa mgongoni. Hilo nimeliona, na halijanitoka.

Kodi hazipishani sana. Chumba changu Ulongoni kilikuwa 50,000, hiki cha Charambe 45,000, na wenye nyumba wote wanataka miezi sita kwa mkupuo. Umeme wa kuchangia mita moja wapangaji watano unaleta ugomvi kote kote.

Sasa jibu langu. Kama wewe ni kijana, una cheti cha ufundi au udereva, huna mtoto, nenda Gongo la Mboto. Vumilia, tafuta mkataba, usikubali kubaki kibarua wa wakala mwaka hadi mwaka, maana ndipo nguvu zinapoishia. Kama ni mama unayelea peke yako, na ulichonacho ni mikono na shilingi elfu hamsini, njoo Mbagala. Riziki uiangalie kwa kile unachobaki nacho ukishafika nyumbani, na kwa mtoto amekuona saa ngapi. Kwa kipimo hicho mimi nimeshinda kwa kuhama, hata chai ikiwa na chumvi.

Ninalowaomba wakubwa ni barabara. Mbagala na Gongo la Mboto ni majirani: ukitoka Chamazi unapita Mbande, Msongola, Kivule, Kitunda, unatokea kituo cha Banana kwenye Barabara ya Nyerere. Huku ni Manispaa ya Temeke, kule ni Jiji la Dar es Salaam, na njia ya katikati inakuwa kama mtoto wa kambo. Mvua ikinyesha hakuna gari la kuaminika, inabidi tuzunguke kwa Barabara ya Kilwa, ya Mandela, Tazara, kisha ya Nyerere, magari mawili au matatu, asubuhi nzima. Njia ile ikiwa ya lami mwanzo hadi mwisho na daladala zikapita, binti wa Chamazi ataweza kufanya kazi uwanja wa ndege akarudi nyumbani kabla ya magharibi, na nazi zetu za Mkuranga zitafika Kitunda kwa bei ya Rangi Tatu. Mwezi uliopita kaka alikuja kwangu kwa njia hiyo na bodaboda, amelowa matope hadi magotini, amebeba dumu mbili za maji baridi ya bomba. Nikampa mihogo ya kupeleka kwake. Shemeji akapiga simu usiku kuulizia nikitumia gari lipi naweza kumletea mingine, nikakosa cha kumjibu.