Seva ya gemu nyumbani: wewe unaingia, wenzako wanagonga mwamba

Mkuu, nimekuelewa hivi: seva yako ya Minecraft inawaka bila kelele, wewe mwenyewe unaingia kwa kuandika localhost (yaani "kompyuta hii hii"), ila mdogo wako aliye chumba cha pili, Wi-Fi ileile, anasubiri weee mwisho anapata "Connection timed out". Na poti (namba ya mlango ambao programu hupokelea mawasiliano) umeshaifungua kwenye ruta mara tatu.

Hiyo ruta iache kwanza. Mimi nimepoteza jioni mbili nzima kwenye ukurasa huohuo, nafuta sheria, naandika upya, nazima ruta, nawasha, nyumba nzima inalalamika intaneti imekatika, na kumbe shida haikuwa huko hata kidogo. Kufungua poti kwenye ruta ni kwa ajili ya mtu anayekuja kutoka nje, kupitia intaneti. Kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani zinaongea zenyewe kwa zenyewe, na ruta inapitisha tu data kutoka huku kwenda kule, haina haja ya kuangalia ile orodha yako ya poti. Video za maelekezo huchanganya mambo haya mawili, ndiyo maana kila mtu anakimbilia kwenye ruta.

Rudi kwenye lile kosa, maana maneno yake yana maana. "Connection refused" ni jibu: umebisha hodi, mtu akatoka akakwambia huyo unayemtafuta hakai hapa. Yaani kompyuta imefikiwa, ila kwenye poti hiyo hakuna programu inayosikiliza. "Connection timed out" ni kimya. Umebisha, hakuna aliyeitika. Hapo ama umekosea nyumba, ama mlinzi wa getini amekuona akaamua kunyamaza. Kuna mtego mmoja: Windows ikiwa na fayawoli (ndiye huyo mlinzi, anayechuja mawasiliano) imewashwa, hata poti ambayo haina kitu nyuma yake hukaa kimya badala ya kukataa. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mlinzi, hakikisha mwenye nyumba yumo.

Kwenye kompyuta ya seva, seva ikiwa inawaka, fungua dirisha la amri uandike:

netstat -ano | findstr 25565

Hiyo 25565 ndiyo poti ya kawaida ya Minecraft ya Java, lile toleo la kompyuta. Unatafuta mstari wenye neno LISTENING. Ukiona 0.0.0.0:25565 au [::]:25565, seva inasikiliza pande zote, sogea mbele. Ukiona 127.0.0.1:25565, umeshamkamata mwizi: seva inajisikiliza yenyewe tu, na ndiyo maana wewe unaingia kwa localhost na wengine hawaingii. Fungua faili la server.properties, tafuta mstari wa server-ip, futa kilichoandikwa baada ya alama ya sawasawa, acha wazi, kisha washa seva upya. Watu hujaza pale wakidhani ni lazima. Si lazima. Na ukiweka anwani ambayo kompyuta haina tena, seva haitawaka kabisa, itaandika kwenye logi kwamba imeshindwa kushika poti. Kosa hilohilo hutokea pia kama seva ya zamani bado inaendelea chinichini hukuizima vizuri.

Sasa anwani. Mdogo wako anaandika nini hasa? Asiandike localhost, maana hiyo kwake ni kompyuta yake mwenyewe (usicheke, nimeshaona mtu mzima akifanya hivyo). Asiandike pia ile anwani ya nje unayoonyeshwa na tovuti za "IP yangu ni ipi", kwa sababu ruta nyingi hazijui kumgeuza mtu wa ndani anayejaribu kuingia kupitia mlango wa nje. Piga ipconfig kwenye kompyuta ya seva. Zinaweza kutokea anwani tatu nne, na hapa ndipo watu huokota isiyo yenyewe. Kama una VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) utakuta 192.168.56.1, hiyo haikuhusu. Kama una VPN, nayo italeta yake. Chukua ile ambayo chini yake, kwenye mstari wa Default Gateway, pameandikwa anwani ya ruta. Mara nyingi itaanza na 192.168 au 10. Ikianza na 169.254, basi kompyuta haikupewa anwani na ruta kabisa, imejipachika yenyewe, na hapo tatizo ni waya au Wi-Fi, gemu haihusiki.

Vyote hivyo kwangu vilikuwa sawa. Netstat safi, anwani sahihi, kimya kilekile. Jioni ya pili nikaenda kwenye fayawoli ya Windows, nikaongeza sheria ya kuruhusu poti 25565 TCP (aina ya mawasiliano ambayo Minecraft ya Java hutumia), nikawa na uhakika nimemaliza kazi. Kimya! Nikazima fayawoli yote kwa dakika moja kama jaribio: mdogo wangu akaingia papo hapo. Nikaiwasha: akatupwa nje. Sasa sheria ya kuruhusu ipo, nimeiandika mwenyewe, naiona kwa macho, kwa nini haifanyi kazi?

Jibu nililikuta nikiwa nashuka na ile orodha ndefu ya Inbound Rules (sheria za mawasiliano yanayoingia), karibu nikate tamaa. Kulikuwa na mistari miwili ya Java, ile programu inayoendesha seva, yenye alama nyekundu. Nikakumbuka: siku ya kwanza kuwasha seva, Windows ilitoa kile kidirisha cha kuuliza kama Java iruhusiwe kwenye mtandao, na mimi nikiwa na haraka nikabonyeza Cancel. Nilidhani Cancel maana yake ni "tutaongea baadaye". Kumbe Windows huandika sheria ya kuizuia programu ile, na sheria ya kuzuia huishinda ya kuruhusu. Unaweza kuongeza ruhusa kumi, ile nyekundu moja itazifuta zote. Niliifuta ile mistari miwili, nikaacha ruhusa yangu moja, fayawoli ikiwa imewashwa, na tangu hapo watu wanaingia.

Kwa hiyo nakushauri uanzie hapo, maana dalili zako ni zangu mtupu. Angalia vilevile kama Windows imeuweka mtandao wako wa nyumbani kuwa Public. Kama ruhusa yako umeipa Private peke yake huku mtandao unahesabiwa Public, ni sawa na hukuiandika. Na ukisasisha Java, toleo jipya likakaa kwenye folda nyingine, kwa Windows hiyo ni programu mpya, kidirisha kinaweza kurudi. Kikirudi, safari hii kisome.

Kupima bila kufungua na kufunga gemu kila mara, nenda kwenye kompyuta ya mdogo wako, fungua PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 25565

Badilisha anwani uweke ya seva yako. TcpTestSucceeded ikiwa True, njia iko wazi, na kama gemu bado inagoma basi tafuta kwenye gemu yenyewe: matoleo hayalingani, au modi zimetofautiana. Usitegemee ping ya kawaida. Windows mara nyingi haijibu ping kutoka kompyuta nyingine hata kama kila kitu kiko sawa, na watu wamesafiri mbali kwa sababu ya ping isiyojibiwa.

Ikibaki False hata fayawoli ikiwa imezimwa kwa lile jaribio la dakika moja, sasa ndiyo unaruhusiwa kuishuku ruta, lakini si kwa habari ya poti. Uliza mdogo wako yuko kwenye Wi-Fi ipi hasa. Ile ya wageni kwa kawaida huwatenga walio ndani yake wasionane na vifaa vingine, intaneti wanapata, ila kompyuta yako hawaioni. Baadhi ya ruta zina utengano huo hata kwenye Wi-Fi kuu, mara nyingi huitwa AP isolation au client isolation, uzime. Na kama mmeongeza ruta ya pili ili mawimbi yafike chumba cha mbali, linganisha anwani: wewe ukiwa 192.168.1 na yeye 192.168.0, hamko mtandao mmoja ingawa mko nyumba moja. Ile ruta ya pili inatakiwa iwekwe kwenye hali ya access point, yaani isambaze Wi-Fi tu bila kuunda mtandao wake.

Uliuliza pia kuhusu mwenzenu mwenye tableti. Kama hiyo ni Minecraft Bedrock (toleo la simu na tableti), haitaingia kwenye seva ya Java hata mkeshe. Bedrock ina seva yake, inatumia poti 19132 kwa UDP, aina nyingine ya mawasiliano, na ile amri ya PowerShell hupima TCP tu, kwa hiyo hapo haikusaidii. Ipo programu-jalizi ya kuziunganisha mbili hizo, lakini kwanza hii ya Java ikae sawa.

Seva ya Java ikishakaa sawa, ingia kwenye ruta (ndiyo, sasa ingia) uifungie kompyuta ya seva anwani moja ya kudumu, mahali panapoandikwa DHCP reservation. Usipofanya hivyo, siku moja umeme utakatika, ruta itagawa anwani upya, na utarudi hapa na "Connection timed out" ileile ukidhani fayawoli imeharibika.

Rafiki wa nje, anayeingia kupitia intaneti, tutamjadili baadaye. Kwa sasa linganisha tu anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) iliyo kwenye ruta na ile unayoonyeshwa na tovuti. Kama zimetofautiana, hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna poti utakayofungua ikasaidia. Itabidi kutumia njia nyingine.

Jaribu hiyo ya mistari myekundu leo. Ikigoma, weka hapa mstari wa netstat na anwani ya kompyuta zote mbili, tuendelee kutoka hapo.