Kabla hujauliza kama ina protini, sema ni gramu ngapi

Karibu nusu ya maswali ya sandwichi yaliyoletwa kwenye safu hii safari hii yana sura moja: "Je, kitu fulani kina protini?" Hata mkate mtupu una protini. Swali lenye maana ni kiasi gani kinaingia kwenye sandwichi moja, na kinakuja na nini kingine. Mwenye mizani ya jikoni atanielewa haraka. Asiye nayo aanze kwa kuitafuta.

Nipe mfano mmoja kamili wa sandwichi ya mchana yenye protini nyingi, pamoja na vipimo.

Slesi 2 za mkate wa ngano isiyokobolewa, kila moja gramu 40 hivi. Kidari cha kuku kilichopikwa, gramu 80. Mtindi mzito uliochujwa, vijiko vikubwa 2. Haradali kijiko kidogo, pilipili manga, majani ya letusi, tango. Mkate unakupa gramu 9 hivi za protini, kuku 25, mtindi 3. Jumla ni kama gramu 37, kwa kalori zisizofika 400.

Kazi iko kwenye kuku, maana kidari kikipikwa vibaya huwa kama sifongo kavu, na hapo ndipo watu hukimbilia mayonezi. Chukua kidari cha gramu 200, kifunike kwa karatasi ya plastiki, ukipondeponde upande mnene hadi kiwe na unene wa sentimita 1.5 kote. Usipofanya hivyo, ncha nyembamba itakauka kabla katikati hakujaiva. Paka chumvi gramu 2, yaani chini ya nusu kijiko cha chai, ukiache kwenye friji angalau nusu saa; kikilala na chumvi usiku mzima ni bora zaidi. Kifute maji kabisa kabla ya kukiweka kwenye kikaango, kwa sababu nyama yenye maji huchemka badala ya kukaangika. Moto wa wastani, mafuta kijiko cha chai, dakika 4 au 5 kila upande, hadi kipimajoto kisome nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya sehemu nene. Kipumzishe dakika 5, kipoe, kisha ukikate kikiwa baridi, vipande vyembamba, kinyume cha nyuzi za nyama.

Sasa mtego wa kwanza. Gramu 100 za kidari kibichi zina protini gramu 23 hivi. Kilichopikwa kina 31. Kuku hakuongeza protini jikoni, amepoteza maji tu, robo ya uzito wake hivi. Anayepima nyama mbichi na kusoma takwimu ya iliyopikwa anajidanganya kila siku.

Mimi hupaka siagi ya karanga kwenye mkate. Si ni protini tosha?

Swali hili halichoki kurudi, na mimi sichoki kulijibu vile vile. Kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, gramu 16, kina protini gramu 4 na kalori 95 hivi. Ukitaka kuzifikia gramu 25 za kuku wa hapo juu utahitaji vijiko 6, karibu kalori 600 kabla hujahesabu mkate. Hayo ni mafuta yenye protini ndani yake. Ni mafuta mazuri, wala sikukatazi kula, ila acha kuyaita kwa jina lisilo lake. Na kile "kijiko" unachochota kikiwa na mlima juu yake ni viwili.

Na jibini?

Slesi ya gramu 20 ya jibini gumu ina protini gramu 5 na mafuta zaidi ya 6. Itumie kama kiungo.

Habari za kazi, mtaalamu. Sandwichi ya mayai inahitaji mayai mangapi, na je, nitupe viini?

Njema. Yai kubwa lina protini gramu 6 na kidogo. Mayai 2 na mkate hukufikisha 21 au 22. Mayai 3 yanakupeleka 28. Viini usitupe: zaidi ya thuluthi moja ya protini ya yai imo kwenye kiini, na vitamini nyingi zimo humo humo. Sijui ni nani aliyeeneza habari kwamba kiini ni taka.

Tumbukiza mayai kwenye maji yanayochemka tayari, dakika 10, kisha uyahamishie kwenye maji yenye barafu kwa dakika nyingine 10. Ukiona duara la kijani kuzunguka kiini, umechemsha mno: salfa ya ute imekutana na chuma cha kiini. Halidhuru, ila harufu yake itakusindikiza hadi kazini. Ponda mayai kwa uma, usiyasage, changanya na kijiko kikubwa kimoja cha mtindi mzito na haradali kidogo. Kijiko cha ukubwa huo huo cha mayonezi kingekuongezea kalori 95 hivi na protini ya kuhesabu kwa tabu.

Mtindi mzito sina. Wa kawaida unafaa?

Unafaa ukiuchuja. Tandaza kitambaa safi juu ya chujio, mimina mtindi usio na sukari, weka bakuli chini, uache kwenye friji usiku kucha. Gramu 500 zitabaki karibu nusu. Mtindi usiochujwa utageuza mkate kuwa uji.

Natengeneza sandwichi asubuhi, ikifika saa saba mkate umelowa chapachapa. Nakosea wapi?

Bila kuiona, nataja wahalifu kwa mpangilio wa makosa yao.

Nyanya ndiye wa kwanza. Ikate vipande vya nusu sentimita, toa mbegu na ule ute wake, nyunyiza chumvi kiduchu, ilaze juu ya karatasi ya jikoni dakika 10. Utaona karatasi imelowa. Maji hayo yote yalikuwa yanakwenda kwenye mkate wako. Kisha iweke katikati, kati ya nyama na letusi, isiguse mkate popote. Mwenye subira huibeba kando kwenye kopo dogo na kuipachika wakati wa kula.

Wa pili ni letusi iliyooshwa na kupangwa ikiwa bado inachuruzika. Ikaushe jani kwa jani.

Wa tatu hatajwi sana: joto. Watu huchoma slesi kisha huzibandika moja juu ya nyingine zikiwa moto, au huweka kuku wa moto na kufunga boksi. Mvuke hauna pa kwenda, unageuka maji humo ndani. Slesi zilizochomwa zisimamishwe zikiegemeana kama paa la nyumba hadi zipoe, na kila kinachoingia ndani kiwe baridi.

Halafu paka kizuizi. Safu nyembamba ya siagi au jibini laini ifike hadi kwenye kingo, maana maji hupenya pale palipoachwa wazi. Kijiko cha chai kinatosha slesi mbili. Mtindi na haradali vipake kwenye nyama, si kwenye mkate.

Mkate wa kahawia ni sawa na wa ngano isiyokobolewa?

Rangi haina ushahidi wowote. Inaweza kuwa karameli, yaani sukari iliyounguzwa. Geuza pakiti usome viambato, ambavyo huandikwa kwa kufuata uzito. Cha kwanza kikiwa "unga wa ngano" bila maelezo zaidi, umenunua mkate mweupe uliopakwa rangi. Tazama na nyuzinyuzi: gramu 6 au zaidi kwa kila gramu 100 za mkate ni dalili njema. Mikate inayojinadi kwa neno "protini" kwa herufi kubwa, linganisha kwa gramu 100, maana mara nyingine siri ni kwamba slesi zake ni nene.

Nakula jodari wa kopo kila siku ya kazi. Kuna ubaya?

Kwa protini hakuna ubaya. Kopo la gramu 160 likichujwa mara nyingi hubaki na samaki gramu 110 hivi, na hizo zina protini kama gramu 27. Mkamue kwelikweli: bonyeza kifuniko ndani ya kopo, umwage, ubonyeze tena.

Kasoro iko kwenye zebaki, metali yenye sumu. Jodari ni mla samaki wenzake, na kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyolimbikiza. Jodari mweupe, yaani albakora, ana zebaki karibu mara 3 ya yule mdogo mwenye nyama nyeusi kidogo anayejaza makopo mengi. Siku 5 kwa wiki mfululizo ni nyingi, na kwa mjamzito, anayenyonyesha au mtoto mdogo sikubaliani nazo kabisa. Badilisha na sadini: ni samaki wadogo, zebaki kidogo, na mifupa yao laini ina kalsiamu. Ponda na limau na kitunguu kilichokatwa vidogo.

Hemu na salami si rahisi kuliko kupika kuku?

Ni rahisi. Lakini mwaka 2015 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani uliziweka nyama zilizosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na ukakadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Soma vizuri: ni asilimia 18 ya uwezekano ulionao, si watu 18 kati ya 100. Mara mojamoja sitakugombeza. Kila mchana, miaka nenda rudi, ni jambo jingine, na chumvi yake nayo sijaigusa.

Sili nyama wala mayai wala maziwa. Nimebakiwa na nini?

Umebakiwa na vingi, ila hesabu inataka vitu viwili kwa pamoja. Maharage yaliyopikwa gramu 100 yana protini 8 au 9. Tofu ngumu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa kama jibini, hutofautiana sana, kati ya 12 na 17 kwa gramu 100, kwa hiyo soma pakiti. Ponda maharage gramu 100 na limau, kitunguu saumu na chumvi, yapake. Juu yake panga tofu gramu 70 iliyokamuliwa maji na kukaangwa hadi iwe rangi ya dhahabu. Pamoja na mkate unakaribia gramu 28. Na hapa ndipo siagi ya karanga inapopata kazi halali: kijiko kimoja ndani ya maharage hulainisha na kuongeza 4 nyingine.

Mkate na maharage hufaana kweli. Ngano ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini; maharage yanayo tele.

Onyo ambalo hukuliuliza. Maharage mekundu makavu yana sumu ya asili isiyokufa kwa moto mdogo. Yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya yakitokota kwa nguvu angalau dakika 10. Ukienda hadi 30 ni salama zaidi. Ndipo upunguze moto. Ukiyatia mabichi kwenye chungu cha umeme cha kupika polepole, sumu inaweza hata kuongezeka. Ya kopo yameshapikwa.

Sandwichi ya kuku inaweza kukaa mezani ofisini hadi mchana?

Muda wa saa 2 tu nje ya friji, au saa 1 kama joto limepita nyuzi 32. Zaidi ya hapo, tupa. Usiinuse kupata jibu, na usidhani kuipasha moto kunaokoa: baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na joto. Gandisha chupa ndogo ya maji, uifunge pamoja na boksi kwenye mfuko unaohifadhi baridi.

Naweza kutengeneza za wiki nzima Jumapili?

Hapana. Kuku aliyepikwa ni wa siku 3 hadi 4 kwenye friji, kwa hiyo wa Alhamisi na Ijumaa agandishwe. Mayai yaliyopikwa usiyagandishe, ute wake hugeuka mpira. Mayonezi hutengana, letusi hunyauka. Mkate nao usikae kwenye friji, humo hukauka haraka kuliko kabatini. Ugandishe ukiwa umekatwa slesi, utoe mbili mbili.

Nichanganye poda ya protini kwenye mtindi wa kupaka?

Hapana.

Kwani kwa siku nahitaji protini kiasi gani?

Kiwango cha chini kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 70 ni gramu 56, na sandwichi ya kwanza hapo juu imeshamaliza zaidi ya nusu. Wanaonyanyua vyuma na wazee huhitaji zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate safu hii hata kidogo, amwone daktari wake.

Je, parachichi lina protini?

Gramu 2 kwa kila 100. Lipake kwa sababu ni tamu.