Sindano na Uzi: Maswali ya Wasomaji kuhusu Zawadi za Kumbukumbu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: zawadi ya kutengeneza kwa mkono, itakayotunzwa kwa miaka mingi na mtoto au mpendwa aliyepewa. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi.

Swali: Bibi yetu alitangulia mbele ya haki mwaka jana, akaacha sanduku la kanga, nyingine nzima na nyingine zimechakaa. Ndugu zangu wananitaka nizikate nimshonee kila mjukuu kitu cha kumkumbuka. Wajukuu tuko tisa. Cherehani ninayo na kushona ninajua, ila naogopa kutia mkasi. Naomba mwongozo. — *Mjukuu, Tanga*

Jibu: Pole kwa msiba, mwanangu. Hofu yako ina mahali pake, na ingefaa ikucheleweshe kidogo. Nguo za marehemu ni sehemu ya mirathi, kwa hiyo kabla ya lolote hakikisha kwamba warithi wote, hasa watoto wa marehemu wenyewe, wameridhia. Pengine yuko shangazi aliyetaka zitolewe sadaka, au aliyekusudia kujifunga doti mojawapo kama ilivyo. Ushauri wangu ni kwamba angalau doti moja, ile aliyoipenda zaidi, ibaki bila kuguswa na mkasi.

Mkisharidhiana, zitoe kanga zote uzikague mojamoja mchana, ukiinua kila moja kuelekea dirishani. Mahali ambapo mwanga unapenya kama kwenye chekecheo, nyuzi zimekwisha, na hapo hapatahimili mshono. Mara nyingi utaona kwamba mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, umechakaa lakini pindo na jina, yaani maandishi yake, bado ni imara.

Jina ndilo la kulinda kuliko yote. Kanga ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama sentimita 110, na maandishi yake hukaa upande wa chini, juu kidogo ya pindo. Ukikata vipande vya mraba vilivyo sawa, kama wafanyavyo wengi wanaoshona viraka, utayapasua maneno, na mjukuu mmoja ataondoka na nusu ya kauli ambayo haimwambii kitu. Ikiwa kanga ya bibi yenu imeandikwa “Wema hauozi”, kata ukanda mzima wenye maneno hayo, ukiacha nafasi ya vidole vitatu kila upande kwa ajili ya kukunjia. Kumbuka kwamba kila doti ina kanga mbili zenye jina moja, hivyo wajukuu wawili wanaweza kupata kauli ileile bila yeyote kupunjwa. Kabla ya kukata, piga picha ya kila kanga ikiwa imetandazwa, ili sura yake kamili isipotee.

Kuhusu kitu cha kushona, mimi napendelea foronya ya mto. Hutumika kila siku, hufulika, na ukanda wa jina hukaa vizuri mbele yake bila kupunguzwa. Wengine hushona wanasesere. Sina ugomvi nao, lakini mwanasesere huhitaji vipande vidogo vidogo vyenye mikunjo mingi, na kanga iliyovaliwa miaka mingi huachia haraka kwenye mikunjo.

Zifue kwanza kwa maji baridi na sabuni isiyo kali. Kabla ya kuloweka, chukua kitambaa cheupe kilicholowa ukibonyeze kwenye pembe yenye rangi nyekundu au nyeusi. Kikitoka na rangi, kanga hiyo ifuliwe peke yake, tena upesi, bila kulazwa majini. Anika kivulini, kwenye kitu bapa, kwa kuwa kitambaa dhaifu kikining'inizwa kikiwa kimelowa huchanwa na uzito wa maji yake.

Kila kipande kishikizwe juu ya kitambaa kipya cha pamba, ambacho nacho kimefuliwa mara moja ili kimalize kurudi. Hapa nina neno la pembeni: fundi anaweza kukupa bafta nyeupe kwa sababu ni laini na bei yake ni nafuu, lakini katika nyumba nyingi za pwani bafta nyeupe hukumbusha sanda, na kuiona chini ya kanga ya marehemu kunaweza kumtia mtu simanzi. Chagua rangi nyingine. Piga bandi kwanza pande zote, kisha ushone kwa uzi wa pamba na sindano nyembamba, ukirefusha hatua ya cherehani, kwani uzi wa nailoni ni mgumu kuliko kitambaa chenyewe na hukikata taratibu, na matundu yaliyosongamana huifanya kanga kuukuu ichanike kwa mstari.

Mwisho, upande wa ndani wa foronya, tarizi jina la bibi yenu, mji aliokaa na mwaka aliofariki. Mtoto wa mjukuu atakayeirithi hatakuwa na mtu wa kumuuliza.

Swali: Wifi yangu anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza. Nimemshonea blanketi dogo la pamba, nimelipamba kwa shanga na vifungo vya rangi, na nimeacha nafasi ya jina. Nimeliweka sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu mpaka siku ya kulipeleka. Je, kuna la kuongeza? — *Wifi, Mombasa*

Jibu: Dada yangu, kuna ya kupunguza, na nakuomba ufanye hivyo leo. Vidonge hivyo, ikiwa ni vya nafthalini, hutoa mvuke unaoingia ndani ya nguo. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi ambayo hupatikana zaidi katika nchi zenye malaria, zetu zikiwemo. Mtoto wa namna hiyo akifunikwa nguo iliyokaa na nafthalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, akaishiwa damu, macho na ngozi vikageuka manjano, na hali hiyo ikizidi kwa mtoto mchanga huweza kudhuru ubongo. Wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ana upungufu huo. Kwa hiyo vitoe vidonge, lifue blanketi zaidi ya mara moja, lianike juani na penye upepo, na ukiona harufu haijatoka, usilipeleke. Kafuri si mbadala, kwani nayo ni sumu kwa watoto wadogo.

Isitoshe, vidonge hivyo havikuhitajika. Nondo wanaotoboa nguo hutafuta sufu na hariri. Pamba safi hawaishughulikii sana. Adui wa pamba huku pwani ni unyevu na ukungu. Fua, kausha hadi likauke kabisa, funga kwa kitambaa safi cha pamba badala ya mfuko wa plastiki, na ufungue sanduku mara kwa mara lipate hewa. Ukitaka harufu nzuri, funga karafuu kavu katika kitambaa na uziweke pembeni zisiguse nguo, kwa maana mafuta yake huacha doa.

Shanga na vifungo nakuomba uvifumue. Mtoto hutia kila kitu kinywani, na kifungo kikichomoka kinaweza kumziba njia ya hewa; hadi atimize miaka 3, mapambo ya kuchomoka yasiwepo kwenye kitu chochote chake. Badala yake tarizi maua au viini vya korosho kwa mshono wa mnyororo. Kisha geuza nyuma uangalie: uzi uliolegea huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto na kuzuia damu isipite bila mtu kugundua, kwa hiyo kata ncha zote na ufunike upande huo kwa kitambaa laini.

Umefanya vyema kuacha nafasi ya jina. Katika familia nyingi za Kiislamu jina hutangazwa siku ya saba pamoja na akika, na wewe utakuwa na muda wa kutosha wa kulitarizi kabla ya arobaini. Mwambie wifi yako pia kwamba blanketi hili ni la kumtandikia mtoto akiwa macho au kumfunika akiwa amepakatwa. Wataalamu wa afya wanashauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka alazwe chali, bila mto wala blanketi lililolegea pembeni yake.

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Muscat, na mama mkwe yuko Pemba. Ningependa kumpelekea alama ya mkono wa mjukuu wake wa miezi 6. Nimeshauriwa kuchanganya jipsamu na maji kisha nichovye mkono wa mtoto. Ni salama? — *Mama wa mtoto mmoja*

Jibu: Usichovye. Jipsamu inapoganda hutoa joto, na mkono uliozama ndani yake unaweza kuungua kabla hujaweza kuutoa. Njia inayofaa zaidi ni donge la unga: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini na maji yasiyozidi kikombe 1, ukandwe hadi uwe mgumu kidogo. Sukuma mpaka unene wa kidole, bonyeza kiganja cha mtoto mara moja akiwa amelala usingizi, mfute mkono papo hapo asije akaulamba, kisha kausha donge kwenye oveni yenye moto mdogo wa nyuzi 100 kwa saa kadhaa.

Tatizo ni hali ya hewa ya Pemba. Chumvi huvuta unyevu, na donge lisilopakwa kitu huanza kulainika na kutoa maji. Likikauka kabisa, lipake vanishi mara mbili pande zote, nyuma na kingoni. Kama ningekuwa mimi, ningechora mkono wa mtoto kwa penseli juu ya kitambaa cha pamba na kuufuata mstari huo kwa sindano. Kitambaa hakivunjiki safarini, na mama mkwe wako anaweza kukiweka ndani ya msahafu au kukitundika.

Swali: Nataka kumtengenezea baba yangu kofia ya vito kwa mkono wangu mwenyewe. Sijawahi. Itanichukua muda gani? — *Binti, Lamu*

Jibu: Miezi, binti yangu, kwa sababu kila kijitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi peke yake, na kofia moja ina vijitundu vingi mno. Jifunze kwanza kwenye kipande kidogo hadi matundu yako yalingane. Upo Lamu, na hapo hutakosa mama au bibi wa mtaani anayeshona. Kaa naye, uone anavyoushika uzi, kwa maana hilo siwezi kukueleza kwa maandishi. Mpime baba yako kichwa kwa uzi, juu kidogo ya masikio, na ukimaliza ifue kofia, itie wanga, uikaushe juu ya faroma, yaani umbo la kukalishia kofia, ya kipimo hichohicho.