Albamu ya kwanza ya Dream Theater: isikilize pamoja na rika lake

Kwa miaka mingi, kila aliyeniuliza aanzie wapi kuwasikiliza Dream Theater, bendi ya metali ya Marekani, nilimjibu vilevile: anza na Images and Words ya 1992, ile ya kwanza iruke. Hata mdogo wangu nilimwambia hivyo. Leo naomba wote niliowapa ushauri huo warudi nyuma, kwa sababu hiyo ya kwanza, When Dream and Day Unite ya 1989, niliihukumu vibaya, na kosa langu nalisikia kila watu wanapozungumzia albamu za kwanza za bendi za metali.

Kosa lenyewe ni kuanzia mwisho. Mimi niliwajua kupitia "Pull Me Under", wimbo wa Images and Words, kwa sauti ya James LaBrie na dramu zinazotikisa kifua. Nilipoifikia ile ya 1989, "A Fortune in Lies" ilinikatisha tamaa mapema: dramu kama zinapigwa chumba cha pili, gitaa limekonda, na anayeimba ni mtu mwingine kabisa, Charlie Dominici. Sikufika wimbo wa nne. Nikaipa alama ya chini na kuifunga.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokusihi: tenga rekodi na utunzi. John Petrucci (gitaa) na John Myung (besi) walikutana na Mike Portnoy (dramu) chuo cha muziki cha Berklee, Boston, mwaka 1985, wakajiita Majesty, jina la kwanza la bendi hii. Walipoingia studio huko Gladwyne, Pennsylvania, mwaka 1988, wao na mpiga kinanda Kevin Moore walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, na kazi yote ilimalizika kwa wiki tatu hivi. Prodyuza alikuwa Terry Date, huyohuyo aliyekuja kurekodi Cowboys from Hell ya bendi ya metali Pantera. Wembamba wa sauti ni wa siku zile chache studioni. Nyimbo zenyewe zilikuwa zimeshiba tayari.

Kilichonifungua masikio ni onyesho la tarehe 6 Machi 2004, ukumbi wa Pantages, Los Angeles, walipoipiga albamu yote kuadhimisha miaka 15. Sikiliza "The Killing Hand" ya usiku ule, kisha papo hapo irudie ya zamani. Ni wimbo wa zaidi ya dakika nane, unaanza na gitaa la taratibu kisha unajengwa sehemu kwa sehemu, na utagundua hawakuhitaji kuukarabati. Ulikuwepo mzima tangu 1989, sisi ndio hatukuusikia.

Halafu vaa hedifoni uweke "The Ytse Jam", ambayo haina mwimbaji (jina ni Majesty likisomwa kinyumenyume). Liache gitaa, fuata besi ya Myung peke yake mwanzo mpaka mwisho. Besi haisindikizi pale, inaongea, na zamu yake ikifika inapewa nafasi kama wengine. Mimi niliurudia mara tatu usiku mmoja.

La pili: weka albamu pamoja na rika lake. Usiilinganishe na ya 1992, ilinganishe na albamu za bendi nyingine za metali za wakati ule: Operation: Mindcrime ya Queensrÿche ya 1988, na Perfect Symmetry ya Fates Warning na Control and Resistance ya Watchtower, zote za 1989. Zisikilize wiki moja. Fates Warning na Watchtower hawakuwa na mpiga kinanda wao. Moore mwenyewe ndiye aliyealikwa kupiga katika Perfect Symmetry. Ukitoka huko ukarudi kwa Dream Theater, unasikia jambo lililokuwa geni: kinanda na gitaa vinakimbizana bega kwa bega, hakuna anayempambia mwenzake. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha haki cha albamu ya kwanza, imeleta nini ambacho wenzake wa mwaka ule hawakuwa nacho.

Kasoro zipo na sizifichi. "Status Seeker" inanukia redio, na Dominici analemewa bendi inapochacha. Lakini kwenye sehemu tulivu anaimba kwa upole unaogusa, na mimi nilimnyima sifa hiyo kwa sababu tu hakuwa LaBrie.

Wala usipime albamu kwa mauzo. Hii haikupata ziara ya maana. Walipiga maonyesho matano tu, kisha wakaachana na Dominici.

Usiku ule wa Pantages Dominici alipanda jukwaani mwishoni, akaimba nao tena. Alifariki Novemba 2023. Niliposikia habari hiyo niliweka "Only a Matter of Time", wimbo wa kufungia, nikauacha uishe bila kugusa kitu. Mdogo wangu, anzia hapo.