Maswali ya Lugha: Kwa nini "ough" haina sauti moja?

SWALI: Nina mtoto wa darasa la saba ambaye jioni humsikiliza akisoma kitabu chake cha Kiingereza. Husoma vizuri mpaka akutane na maneno yenye herufi "ough", kwa maana akishazoea kulitamka moja, lifuatalo humgeuka. Je, kuna kanuni ya kumsaidia? Naomba pia maana za maneno hayo. – Mzazi, Morogoro

JIBU: Ndugu mzazi, mtoto wako hana kasoro yoyote katika kusoma kwake. Kanuni moja inayotawala maneno yote yenye herufi hizo nne haipo, na hata watoto wa Uingereza hufundishwa neno moja moja mpaka wazoee. Hata hivyo, yapo makundi yanayoweza kushikwa kwa urahisi, na ipo historia ambayo, kwa maoni yangu, humpunguzia mwanafunzi hofu kwa kuwa humwonyesha kwamba mambo hayakutokea hivi hivi tu.

Tuanze na sauti na maana, tukitumia tahajia yetu ya Kiswahili kuonyesha matamshi. Neno "though", lenye maana ya ingawa au hata hivyo, hutamkwa "dhou", na katika kundi lake yumo "dough", yaani unga uliokwisha kukandwa, ambalo hutamkwa "dou". Ukiongeza herufi "r" katika "though" unapata "through", maana yake kupitia au kupenya upande hadi upande, na hilo hutamkwa "thruu". Maneno "tough" (gumu, sugu), "rough" (lenye kukwaruza, lisilo laini) na "enough" (la kutosha) humalizikia kwa "af", kana kwamba yameandikwa "taf", "raf" na "inaf". "Cough", yaani kikohozi au kukohoa, hutamkwa "kof", na "trough", ambalo ni hori la kulishia au kunyweshea mifugo, hutamkwa "trof". Kisha kuna "bough", tawi kubwa la mti, linalotamkwa "bau", pamoja na "plough", ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa matamshi yake, kwa sababu tulilichukua kwa sauti yake na kuliandika "plau". Mwisho ni "thorough", yaani la kina au lililokamilika bila kuacha kitu, ambalo Waingereza hulitamka kwa kukaribia "thara" na Wamarekani "tharo". Mtoto asilichanganye na "through", ingawa kwa asili maneno hayo mawili ni ndugu, kwani yote yametoka katika neno moja la Kiingereza cha kale.

Kiini cha vurugu hii ni "gh". Anayesoma Kiswahili huvutwa kuitamka kama katika "ghali" au "ghorofa", lakini hapo zamani sauti iliyokuwa ikiwakilishwa ilikuwa karibu zaidi na "kh" ya "sheikh". Waingereza wa kale waliitamka wazi na kuiandika kwa "h"; baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliolelewa katika desturi za Kifaransa walibadili mambo mengi ya tahajia, na hatimaye "gh" ikazoeleka. Wajerumani bado wanayo sauti hiyo: usiku kwa Kijerumani ni "Nacht" na binti ni "Tochter", ilhali Kiingereza huandika "night" na "daughter" bila kuitamka "gh" hata kidogo. Wenyeji wa Scotland nao wameihifadhi katika "loch", maana yake ziwa, ambalo huko Ireland huandikwa "lough", kama katika jina la Lough Neagh.

Katika karne zilizofuata sauti hiyo ilianza kufifia, lakini haikufifia kwa namna moja kila mahali. Baadhi ya watu waliiacha kabisa, wengine wakaigeuza kuwa "f", na Kiingereza sanifu kikaokota neno hili kutoka kwa hawa na lile kutoka kwa wale. Wakati huo huo irabu za Kiingereza zilikuwa zikihama kutoka mahali pake katika mabadiliko makubwa yaliyoendelea takriban tangu mwaka 1400 hadi 1700. William Caxton alifungua kiwanda cha kuchapa vitabu huko Westminster mwaka 1476, katikati ya mabadiliko hayo, na uchapaji ukazidi kuimarisha maumbo ya maneno huku midomo ya watu ikiendelea kusonga mbele. Sisi tulipoacha kuitamka "kh" katika "kheri", wengi wetu tuliandika "heri". Waingereza waliacha sauti wakabaki na maandishi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Huchanganya "bought" na "brought" kila ninapoandika insha. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Kisumu

JIBU: Tazama kitenzi cha asili. "Brought" ni wakati uliopita wa "bring", yaani kuleta, na yote mawili huanza kwa "br". "Bought" ni wakati uliopita wa "buy", yaani kununua, ambacho hakina "r" popote. Ukishika hilo hutakosea tena.

Na hapa pana habari njema, kwa kuwa "ough" ikifuatwa na "t" hutulia. "Thought" (alifikiri, au fikra), "fought" (alipigana), "sought" (alitafuta), "ought" (yapasa), "nought" (sifuri) na "wrought" (lililofuliwa, kama chuma) yote humalizikia kwa sauti moja inayokaribia "oot". Katika maneno ya kawaida linaloasi ni "drought", yaani ukame, ambalo hutamkwa "draut". Lishike peke yake, kwani katika somo la jiografia utakutana nalo mara kwa mara.

SWALI: Katika maandishi ya Wamarekani nimeona "plow" na "thru". Je, ni makosa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: "Plow" ndiyo tahajia sahihi ya Marekani. "Thru" ni jambo jingine: huonekana kwenye vibao vya barabarani na katika maandishi yasiyo rasmi, ingawa imewahi kupiganiwa na wakubwa. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza mpigachapa wa serikali atumie tahajia zilizorahisishwa za maneno 300, yakiwemo "tho" na "thru", lakini Bunge lilikataa mwaka huo huo. Gazeti la Chicago Tribune nalo lilianza kutumia tahajia zake fupi mwaka 1934, na mwaka 1975 likaachana na "thru" na "tho". Nadhani Roosevelt alikuwa na hoja nzuri, lakini shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo katika mtihani andika "plough" na "through".