Re: Nimemaliza The Godfather mbili za kwanza, ya tatu niitazame?
Salaam mkuu. Umezipenda ya 1972 na ya 1974, ila unaogopa ya tatu itakuharibia ladha. Itazame, lakini kwanza angalia umepata toleo lipi. La 1990 linazubaa mwanzoni. Mwongozaji wake, Coppola, alilihariri upya mwaka 2020, likaitwa Coda, na hilo linaanza moja kwa moja na Michael, yule bosi wa mafia, akijadiliana na askofu mkuu kuhusu pesa. Tafuta hilo. Pengo la Tom Hagen, wakili wa familia, litakuuma. Robert Duvall aliyemwigiza hayumo kabisa, na mimi sijalizoea hadi leo. Ila ukifika kwenye ngazi za jumba la opera kule Palermo, mtazame Al Pacino, anayemwigiza Michael, usoni: mdomo wazi, anapiga ukelele, na kwanza sauti haisikiki. Kwa kipande hicho tu huwa nairudia filamu nzima.