Kalamu kuinuliwa si kufungiwa mlango wa chuo

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa Pemba, Wilaya ya Micheweni. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, na tangu utotoni ana ulemavu wa akili. Anaijua Alhamdu na sura fupi tatu, na anapenda msikiti, ila huchelewa kuitikia amini, akaitikia peke yake kwa sauti kubwa wenziwe wamekwisha kunyamaza. Maalim wa chuo cha Kurani amemrejesha nyumbani, akasema kijana huyu kalamu imeinuliwa kwake, yaani haandikiwi dhambi, kumsomesha ni kujitaabisha bure, na msikitini anawaharibia watu sala. Msimu wa karafuu majirani humwita kuchambua. Wenziwe hulipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu walizochambua, yeye hupewa sahani ya wali. Ami yake asema nishukuru, maana pesa hazijui. Je, ninakosea kumpeleka chuoni, na sahani hiyo inatosha?

JIBU: Wa alaykumus salam wa rahmatullah. Swali lako, mama yangu, limenihuzunisha, kwani aliyekurudisha ni mtu anayefundisha Kurani, na amekurudisha kwa hadithi sahihi aliyoiweka pasipo mahala pake. Hukosei hata kidogo, endelea kumpeleka. Na sahani ya wali haitoshi.

Ni kweli Mtume (s.a.w.) amesema kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrejee. Lakini hebu Maalim atueleze: hao watoto waliojaa chuoni kwake kila siku, wakisoma alifu na be kwa sauti, si ndio waliotajwa ndani ya hadithi hiyo hiyo? Kalamu imeinuliwa kwao wote, na yeye anawasomesha, na ada za wazazi wao anazipokea. Tena tumeamrishwa tuwaamrishe sala wafikapo miaka 7, nao bado hawajaandikiwa dhambi. Ingekuwa kuinuliwa kalamu kunamzuia mtu kufundishwa, chuo chake kisingekuwa na mwanafunzi hata mmoja. Kilichoondolewa ni dhambi ya kuacha. Haki ya kufundishwa haikuguswa, na thawabu ya anayefundisha haikupunguzwa.

Wala si sawa kumweka kila mwenye ulemavu wa akili katika fungu la mwendawazimu. Wanavyuoni wamemtofautisha asiyetambua lolote na yule ambaye akili yake ni pungufu lakini anatambua, na huyu wa pili humpa hukumu ya mtoto mwenye utambuzi, ambaye sala yake ni sahihi na kusimama kwake safuni hakuivunji safu. Kijana anayeijua Alhamdu, na anayejua kwamba baada yake huitikiwa amini, anatambua anachokifanya. Kuchelewa kwake hakumharibii sala yeye wala aliye pembeni yake, kwani kuitikia amini ni suna na ni dua. Wazee wanaoudhika na sauti yake waikumbuke hadithi ya sahaba Anas iliyomo katika Sahihi Muslim: mwanamke aliyekuwa na kasoro katika akili yake alimwambia Mtume kuwa ana haja kwake, naye akamwambia achague njia yoyote aitakayo, akasimama naye hapo mpaka alipomaliza haja yake. Huyo ndiye tunayemfuata katika sala zetu.

Ama ujira, hapa nasema kwa ukali, kwa sababu ni dhuluma. Mikono inayotenga karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, mpaka usiku mkubwa haikuwa na ulemavu wakati wa kazi, vipi iwe nao wakati wa malipo? Katika hadithi Qudsi, yaani Mtume akinukuu maneno ya Mola wake nje ya Kurani, iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye ndiye atakayekuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Pishi alizozichambua zipimwe kama za wenziwe, na alipwe kama wao. Sahani ya wali iwe ukarimu juu ya malipo.

Anayosema ami yake kuhusu pesa yana sehemu ya haki, nayo ni kwamba mali ya asiyeweza kuitunza husimamiwa na walii wake. Lakini aya ya 5 ya Suratun Nisaa inayotuamrisha hivyo imetuamrisha papo hapo tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao maneno mema. Alikuwapo Hibban bin Munqidh, aliyekuwa akidanganywa katika biashara, jamaa zake wakamwomba Mtume amzuie. Mtume alimkataza, naye akasema hawezi kuvumilia bila kuuza na kununua. Ndipo Mtume akamfundisha aseme wakati wa biashara, "laa khilaba", yaani pasiwe na kuhadaana. Alipewa kinga, akabaki sokoni.

Kwa hiyo, mama, ujira wake upokee wewe mbele yake, umhesabie, umnunulie kanzu kwa pesa zake, ajue kuwa ni jasho lake. Mrudishe chuoni ukiwa na jibu hili, na umwombe Maalim ampe aya moja kwa wiki, akae karibu na mtoto mpole wa kurudia naye. Akikataa, tafuta chuo kingine wala usimgombe. Usiibebe kazi hii peke yako: Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar ina wazazi wenzako ndani yake, na zipo skuli za Serikali, Unguja na Pemba, zinazowapokea watoto hawa kwa utaratibu wa elimu mjumuisho. Na kwa ujira wa msimu uliopita, mwambie ami yake mwenyewe aende kwa majirani kuudai, kwani ni haki ya damu yake, na yeye ndiye atakayesikilizwa zaidi.

Wallahu aalam.